Mipira ya matone kwenye nyanya na zabibu, Veyula: uzoefu wangu

Nimetumia seti ya umwagiliaji wa matone, yaani mipira yenye vitobo inayodondosha maji polepole kwenye mche, kwa viangazi viwili hapa Veyula, nje kidogo ya Dodoma mjini ukishika barabara ya Kondoa. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya chujio na viungio vilivyokuja nayo, na kwa sababu ya mambo muhimu ambayo dukani hawakuniambia na hayakuandikwa kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya boksi. Nimeamua kuandika kwa kirefu kwa kuwa kila anayepita shambani ananiuliza kama inafaa, na kumjibu "inafaa" tu hakumsaidii mtu anayekwenda kutoa hela yake.

Bustani yangu si kubwa. Ni kama mita 30 kwa 16, ina nyanya, ngogwe na pilipili hoho, na pembeni kuna mistari ya zabibu. Maji yanatoka kwenye kisima cha kuchimba kwa mikono. Anayekaa huku anaijua hali yetu: mvua ni ya msimu mmoja tu, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, Aprili imekwisha, na kwa mwaka wa kawaida tunapata kama milimita 500 hadi 600. Miezi inayobaki ni jua na upepo. Kiangazi kinavyosonga, kisima nacho kinashuka, na ikifika Oktoba inabidi uzime pampu usubiri maji yapande tena. Na hapo ndipo nyanya inapokuwa na bei soko la Majengo. Kwa hiyo kwangu swali halikuwa kupata maji mengi zaidi. Swali lilikuwa haya kidogo yaliyopo yafike kwenye mche.

Kabla ya matone nilikuwa natumia mitaro kama wengi. Unawasha pampu ya petroli, maji yanaingia mtaro mkuu, unasimama na jembe unafungulia tuta moja, unaziba, unakwenda la pili. Udongo wetu ni mwekundu wenye mchanga mwingi. Mwanzo wa mtaro maji yanazama tu, yanazama, wakati miche ya mwisho wa tuta bado inasubiri. Ili ya mwisho ipate, ya mwanzo lazima izame kupita kiasi. Viwango ambavyo FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, inavitumia kukadiria ufanisi wa umwagiliaji ni asilimia 60 kwa mitaro, 75 kwa vinyunyizio na 90 kwa matone. Hiyo 60 nayo ni ya mitaro iliyopangwa vizuri. Maana yake ni kwamba kati ya kila lita 100 unazozitoa kisimani kwa petroli yako, 40 hazifiki kwenye mizizi.

Seti niliyonunua inaitwa ya mita za mraba 500. Ndani kuna bomba kuu la plastiki nyeusi, mipira myembamba ya milimita 16 yenye vitobo kila sentimita 30, viungio, koki, raba za kuzibia na chujio moja dogo. Tanki halimo. Jukwaa la tanki halimo. Hili liulizeni mapema, kwa sababu simtanki la lita 1,000 pamoja na jukwaa la matofali vilikula hela kuliko hiyo mipira yenyewe.

Nilitandika laini 26, kila moja mita 15, kumi na tatu upande huu wa bomba kuu na kumi na tatu upande ule. Kazi yenyewe si ngumu. Fanya saa za mchana, mipira ikishapata jua inalainika na kuingia kwenye viungio bila kupigana nayo. Hakikisha vitobo vinatazama juu. Vikitazama chini, tope linalotua ndani ya mpira linakaa hapohapo kwenye tundu.

Sasa kuna jambo moja ambalo kwangu ndilo kiini cha hii biashara yote, na ndilo watu wa dukani wanalipita haraka. Kwenye karatasi ya seti imeandikwa kwamba kila kitobo kinatoa lita 1.6 kwa saa. Ni kweli, lakini kwa presha ya bar moja. Bar moja ni sawa na tanki kukaa mita 10 juu ya shamba. Nani ana jukwaa la mita 10? Langu lina mita moja na nusu. Kwa hiyo nilichukua vikopo vya mtindi, nikavifukia chini ya vitobo mwanzo wa laini, katikati na mwisho, kwenye laini ya karibu na tanki na ile ya mbali kabisa. Nikafungua koki kwa nusu saa, kisha nikapima kilichoingia kwa bomba la sindano la dawa ya ng'ombe. Kitobo cha kwangu kinatoa kama lita 0.6 kwa saa. Zidisha kwa vitobo 1,300, shamba zima linakunywa karibu lita 780 kwa saa, na tanki langu linakwisha kwa saa moja na robo hivi.

Kipimo hicho ndicho kimenipa faida kuliko kitu kingine chochote ndani ya boksi. Kabla ya hapo sikuwa na namna ya kusema nyanya zangu zimekunywa lita ngapi. Mtaro haukwambii. Sasa naweza kupiga hesabu: kiangazi hapa kwetu shamba lililofunikwa na mazao linapoteza kama milimita 5 mpaka 6 za maji kwa siku, kupitia majani na udongo. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bustani yangu ina mita za mraba 480, kwa hiyo hata kama mazao yangefunika ardhi yote, mahitaji yangekuwa kama lita 2,400 hadi 2,900. Mistari haifuniki ardhi yote, hivyo nyanya zikiwa na matunda tanki mbili kwa siku zinatosha, moja alfajiri na moja jioni. Miche ikiwa bado midogo, tanki moja ni nyingi, nusu yake inatosha.

Bila hesabu hiyo, mtu anaweza kufunga matone na bado akamaliza kisima. Sababu ni macho. Ukimwagilia kwa matone ardhi ya juu haionekani kama imemwagiliwa. Unaona doa la unyevu chini ya kila kitobo, kati ya mistari ni vumbi. Jirani yangu, mzee mmoja niliyemzoea, alisimama pale kwenye uzio akaangalia akasema, "Mwanangu, hiyo mipira yako inaitemea ardhi mate." Nikamwambia, "Babu, karibu ndani, tuchimbe." Tukachukua kijembe tukafukua pembeni ya mche mmoja. Juu lile doa lilikuwa na upana wa kiganja tu, lakini chini udongo ulikuwa umelowa mpaka kimo cha mkono kutoka kwenye kiwiko, na mizizi myembamba myeupe imejazana mle kwenye unyevu. Akashika udongo akaufinyanga, ukashikana. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza tanki linauzwa wapi.

Kwenye mchanga maji yanashuka zaidi kuliko yanavyosambaa. Kwenye mfinyanzi ni kinyume. Ndiyo maana kwetu napendelea kugawa maji mara mbili kwa siku, kidogo kidogo, kuliko kufungua mara moja kwa muda mrefu yakapita mizizi kwenda chini. Na mipira yenye vitobo vya sentimita 60, ambayo inauzwa kwa bei nafuu, isikushawishi kama udongo wako ni wa mchanga. Kati ya kitobo na kitobo patabaki pakavu.

Petroli imepungua kwa kiwango ambacho sikukitarajia. Dumu la lita tano ambalo lilikuwa linanipa siku mbili, sasa linasogea kuelekea wiki, kwa sababu pampu inawashwa ili kujaza tanki tu na kuzimwa. Magugu nayo yamepungua sana kwa kuwa katikati ya mistari hakuna maji ya kuyaotesha. Na majani ya nyanya yanabaki makavu, jambo linalonipunguzia bakajani, ule ugonjwa wa madoa ya majani. Kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, hajali maji yako yanakuja vipi, usitegemee matone yakusaidie hapo.

Nije kwenye malalamiko.

Chujio lililokuja na seti ni dogo mno kwa maji ya kisima cha kwetu. Ni kile cha wavu mwembamba, unakifungua unakuta kimejaa lile tope jekundu laini, na laini za mwisho zinaanza kulegea. Nilinunua filta ya diski, yaani visahani vya plastiki vilivyobanwa pamoja, ile yenye namba 120 pembeni (kipimo cha udogo wa matundu yake), na hali ikabadilika kabisa. Naona ni haki filta ya namna hiyo iwe ndani ya boksi tangu mwanzo, hata kama bei itapanda, kwa sababu bila hiyo unachouziwa ni mipira itakayoziba. Na tatizo la pili ni chumvi. Maji ya visima vingi vya Dodoma ni magumu, angalieni tu birika la nyumbani lilivyojaa utando mweupe ndani. Utando huohuo unakaa kwenye vitobo. Kila wiki nafungua ncha za laini zote, naacha maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe safi, kisha nazikunja tena. Diski za filta na vile viungio vinavyoweza kuchomoka naviloweka kwenye siki, chumvi inaachia yenyewe. Kwa kitobo kilichoziba kabisa nafinya mpira kwa vidole huku maji yanapita. Usichokoe kwa sindano, unapanua tundu na mche huo utakunywa mara mbili ya wenzake.

Viungio vilikuwa vinavuja. Si vyote, lakini vya kutosha kuleta madimbwi kwenye bomba kuu, na dimbwi moja linalovuja usiku kucha linakula akiba yote uliyoipata. Duka walinibadilishia baadaye, lakini kuwapata kwenye simu ilikuwa kazi. Na mtu aliyeleta mzigo alikuwa dereva, si fundi. Ukinunua, omba fundi aje siku ya kufunga na muandikiane kabisa.

Kingine ni wanyama. Kiangazi kikikaza, mpira wenye maji ndani unawavuta viumbe wote. Panya wanautafuna, kunguru wanaudonoa, na mbuzi akipita na kwato zake ndiyo basi. Nilichofanya ni kuweka karai la maji kivulini nje ya uzio na kulijaza kila asubuhi. Uharibifu umepungua sana. Lita chache za ndege ni rahisi kuliko kununua viungio vya kuunganishia kila siku.

Matandazo nayo nayasifu: mabua ya uwele na nyasi kavu juu ya mpira. Yanazuia jua kuunguza plastiki na yanatunza unyevu. Lakini usiyafanye manene yakagusa shina, mchwa watakuja. Na mabua yenyewe huku kwetu yanagombaniwa na ng'ombe, kwa hiyo yakusanye mapema baada ya mavuno.

Upande wa zabibu ndiko nimeridhika kuliko hata kwenye nyanya. Wakulima wa zabibu wa Dodoma wana neema ya mavuno mawili kwa mwaka, la Februari na Machi, na la Agosti na Septemba, na hilo la pili linaangukia kiangazi kabisa, hivyo linategemea maji ya mkono wako. Mzabibu unahitaji maji ya uhakika baada ya kupogoa, machipukizi yakitoka na punje zikianza kufunga. Punje zikianza kulainika na kubadilika rangi, unapunguza. Ukiendelea kumimina, sukari inapungua nguvu, na maji mengi ya ghafla karibu na mavuno yanapasua punje, kisha kuvu wanaingia. Kwa mtaro hicho kitu "kupunguza" kilikuwa ni maneno tu, ilikuwa mafuriko au ukame. Kwa koki ya matone napunguza kweli: kutoka saa nzima mpaka nusu saa, kisha kwa siku za kuruka. Kwa wenye Makutupora Red, aina ya zabibu ya mvinyo, ya kupeleka viwandani, ambako utamu wa tunda unapimwa kabla ya kupokelewa, hapa ndipo penye hela. Ila kwa zabibu nunua mpira mnene, ule mgumu, si ule mwembamba kama utepe. Zabibu inakaa ardhini miaka mingi, na utepe mwembamba haumalizi misimu mingi juani.

Kuna jambo la chumvi ya udongo ambalo wakulima wenye maji ya chumvi wanapaswa kulijua. Matone yanaisukuma chumvi mpaka ukingoni mwa ule unyevu, ndiyo maana ikifika Oktoba unaona mduara mweupe kuzunguka kila doa. Ikiwa pale haina madhara makubwa. Hatari inakuja mvua ya kwanza ya Desemba inaponyesha kidogo: inaiyeyusha ile chumvi na kuirudisha kwenye mizizi, na majani yanaungua kingo. Kwa hiyo mvua ndogo za mwanzo zikinyesha, mimi nafungua matone palepale, huku inanyesha, ili maji yaendelee kuisukuma chumvi nje. Majirani wanashangaa kuona mtu anamwagilia wakati wa mvua. Baada ya mvua kubwa kadhaa kuosha udongo nafunga na kukunja mipira mpaka Mei.

Mbolea unaweza kuipitisha humohumo. Urea inayeyuka vizuri, naikoroga kwenye ndoo, naichuja kwa kitambaa, naimimina kwenye tanki likiwa limebaki nusu, kisha namalizia na maji matupu kusafisha mipira. DAP, ile mbolea ya kupandia yenye fosfeti, usiithubutu, punje zake zinaacha mashapo yanayoziba. Na mbolea zenye kalsiamu usizichanganye na zenye fosfeti au salfeti kwenye tanki moja, zinagandana na kuwa kama chokaa.

Matone hayafai kwa kila kitu. Mchicha uliomwagwa kwa kutawanya mbegu utaota kwenye mistari ya maji tu, kwingine hola. Huko naendelea na keni, lile kopo la kumwagilia. Kwa vitunguu inawezekana, lakini inabidi laini zibanane sana na gharama inapanda. Na mpunga, wale wa Bahi, hii si habari yenu, ninyi majaruba yenu yanataka njia nyingine za kubana maji.

Kama unafikiria kuchimba kisima kirefu ili ufunge matone kwa eneo kubwa, fuatilia kwanza kibali cha kutumia maji. Kwa sisi wa Dodoma mjini kinatolewa na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Bonde letu hili la Makutupora ndilo linalonywesha mji, kupitia visima vya Mzakwe, na mji unakua kila siku tangu serikali ihamie. Mimi naona kila lita ninayoiacha chini ya ardhi kwa kutumia matone ni lita ambayo jirani yangu au mtoto wa mtu kule mjini, mtaa wa Area C, anaweza kuinywa, na nalisema hili kwa uzito wote. Kilimo cha mboga kitaendelea kuruhusiwa karibu na mji huu ikiwa tu sisi wakulima hatutaonekana wafujaji wa maji.

Nitanunua tena? Ndiyo, na nimeshaweka oda ya mpira mnene kwa mistari ya zabibu iliyobaki. Safari hii naulizia vitu vinne kabla ya kulipa: filta ni ya diski au ya wavu, kitobo kinatoa kiasi gani kwa presha ya tanki la mita moja na nusu, si kwa bar moja, laini moja inaweza kufika mita ngapi kabla maji hayajalegea, na viungio vya akiba vinapatikana hapa Dodoma au mpaka viagizwe Dar es Salaam. Muuzaji akikujibu la pili bila kubabaika, huyo anaijua bidhaa yake, mpe hela.